Mbuzi za Mahari kwenye Bariere ya Mvua

Mvua ilipoanza kugonga mabati alfajiri ile, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi uani kwa Kahongya walilalamikia kuni zao zilizokuwa zikilowa. Kahongya mwenyewe alitukana wingu, akavaa suti aliyoazima kwa ajili ya sikukuu ya bintiye, akaingiza miguu ndani ya buti za mpira, akatoka.

"We Kahongya!" dada yake Adèle alimwita kutoka jikoni. "Leo unaoza mutoto! Unaenda wapi na zile mabuti?"

"Kushusha bariere."

"Mutu mwingine hayuko?"

"Batu bako bengi. Ukibapa chupa moja ya bia, banafungua. Ndio ile bengi yao."

"Na bakwe bakifika?"

"Bakifika batanikuta chini. Ni njia moja tu."

Adèle alipiga mdomo kama anayefukuza kuku, akarudia sufuria zake. Alimjua kaka yake. Tangu mke wake Godelive afariki, hakuna aliyewahi kumtoa Kahongya kwenye bambu ile inayofunga njia siku ya mvua, hata kwa malaria.

Mlima wenyewe uko Kimemi, mjini Butembo, unapanda kutoka njia kubwa ya Beni hadi juu kwenye nyumba, na jina lake ni Sukuma. Hakuna mkubwa aliyeupa jina hilo. Ni watu waliokuwa wakiitwa kila siku kutoka mezani kwao kusukuma gari za wengine. Makamio, yaani malori, yanayotoka Beni na mbao, au na kakao ya upande wa Mabalako, yanaupenda kwa sababu unafupisha safari ya sokoni. Na kuupenda huko ndiko kulikouua.

Maana barabara ya udongo haifi kwa siku moja. Kahongya alikuwa ameitazama ikifa akiwa mlangoni kwake, kama mtu anavyotazama jirani anayekonda. Kamio moja lililoshiba linapita udongo ukiwa bado laini, linaacha alama ya kina cha kiganja. Linalofuata linaingia katika alama ileile, kwa sababu kila shofere anapenda kupita palipopitwa. Alama inakuwa mfereji, mfereji unashika maji, maji yanalainisha chini kama bugali ambao haujaiva. Halafu siku moja kamio linazama mpaka tumboni, linanguruma papo hapo, linatupia tope kwenye kuta za nyumba za watu. Likivutwa kwa kamba linaacha shimo ambalo ng'ombe angelala ndani. Anayefuata anakwepa shimo, anakula ukingo wa barabara. Anayemfuata huyo anakula ua wa mtu. Mwisho barabara inakuwa pana kama uwanja wa mpira, na hakuna pa kupita.

Wakubwa wanasema ni mvua. Wanasema hivyo redioni, kwa kifaransa, na tai shingoni. Kahongya hakusoma sana, aliacha shule kabla ya kuzoea kalamu, lakini habari hiyo ilikuwa ikimchekesha kwa uchungu. Mvua ilikuwako toka wakati wa babu zake. Kilichozidi ni uzito, na mikono ya wakubwa inayonyanyua bambu kwa ajili ya marafiki.

Sheria ya bariere ya mvua anaijua kila mtu wa huku: mvua ikinyesha, bambu inashuka, na gari zito halipiti mpaka jua likaushe njia. Mgonjwa anapita. Motari, mwenye pikipiki, anapita, na mwenye miguu anapita. Kamio linangoja, hata liwe la nani. Ndivyo sheria ilivyo. Lakini mwaka ule wa Godelive, mvua ikiwa ndiyo kwanza imenyamaza, kamio la tajiri mmoja lilikuja na saruji, na Ésaïe, chef wa mtaa wao, yaani mkuu wake, akashuka chini ya mwavuli, akafungua bambu kwa mkono wake. Kamio likazama katikati ya Sukuma, likaziba njia yote, ukuta kwa ukuta. Mchana uleule Godelive alishikwa na tumbo. Taksi ikashindwa kupanda. Motari akashindwa kupenya. Wanaume wakambeba juu ya kiti, tope likiwafika magotini, wakikwama, wakiinuka. Walipofika chini kwenye lami, waliombeba hawakuwa tena na sababu ya kukimbia.

Ésaïe alikuja matangani, akasema ni mapenzi ya Mungu. Matanga yalipokwisha, Kahongya alichukua jembe, akaanza kuchimba mfereji wa maji pembeni ya Sukuma, peke yake, kwa hasira tu, kama mtu anayempiga mtu. Kisha jirani mmoja akaja na koleo. Kisha wamama wakaanza kupanda na mawe kwenye mabeseni, siku za salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, na siku zisizo za salongo. Wakajaza mashimo, wakamwaga changarawe, wakauinua mgongo wa barabara ili maji yateremke pembeni. Hela za peaji wanazotoza kwenye njia kubwa hazikuleta hata jiwe moja. Chef Ésaïe alileta simu, akapigwa picha ameshika koleo safi.

Na Sukuma ikasimama. Msimu mzima hapakuwa na mtu aliyeitwa kusukuma. Ila jambo moja lilibaki moyoni mwa Kahongya, naye alikuwa amelitamka mbele ya kaburi: siku ya kuondoka Tamar, mtoto wao wa pekee, ataushuka mlima huu ndani ya gari, ameketi, nguo nyeupe, bila tone la tope. Njia iliyomkatalia mama haitamkatalia binti.

Ndiyo siku yenyewe hii, na mvua juu yake.

*

Asubuhi mvua ilipopungua, nyuma ya bambu palikuwa na mstari wa makamio. Mashofere walikuwa wamekaa chini ya hema la muuza beignets, yale maandazi ya mafuta, wanakunywa chai. Mbele ya wote alikuwa Zorobabel, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, na kamio lake la mbao.

"Muzee, na ile suti yako!" alimpigia kelele. "Siku hizi bariere iko na ministre!"

"Ministre angekwisha fungua," Kahongya alijibu bila kugeuka. "Kunywa chai yako."

Wenzake wakacheka. Zorobabel alimpenda na kumchukia kwa kipimo kilekile. Alikuwa amengoja kwenye bambu hiyo mara nyingi mno.

Hapo ndipo honi ilipolia kutoka upande wa Beni, ndefu, ya furaha. Fuso ya buluu ilitokea, maua ya karatasi kwenye kioo, wamama wa Mulekera, mtaa wa Beni, wamesimama nyuma wakiimba, mbuzi wakilia katikati yao. Ikayapita makamio yote yaliyokuwa yanangoja, ikaja kusimama pua kwenye bambu. Katika kabini alikuwa Ariel, bwana arusi, na pembeni yake baba yake mdogo, Lusenge, mwenye gari, aliyekuja kusema kwa niaba ya ukoo.

Lusenge akateremka, viatu vinang'aa. "Papa mukwe! Kumbe umeshuka mwenyewe kutupokea! Heshima kubwa kabisa. Fungua basi, tupande."

Wamama wakapiga vigelegele. Kahongya akamshika mkono kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama inavyofaa. Kisha macho yake yakashuka kwenye magurudumu.

Resori, yaani springi za Fuso, zilikuwa zimelala kabisa.

"Papa mukwe," alisema polepole, "zile mbuzi banazilisha nini kule Beni? Sababu naona gari imekaa chini kama kuku ya mayai."

Lusenge akakohoa. Ariel, bado kabini, akainamisha macho. Kahongya alizunguka nyuma, akainua pembe ya turubai chini ya miguu ya mbuzi. Magunia. Kakao, yamepangwa kwa ustadi mpaka kwenye mbao za kando, na mahari imesimama juu yake.

"Ni kidogo tu," Lusenge alisema. "Weye unajua, papa. Gari haiwezi kutoka Beni mpaka Butembo bure. Iko kama kutupa mafuta chini."

Alijua, kweli. Hapakuwa na mtu pale ambaye hangefanya vile. Ukoo mzima wa wafanyabiashara, unawaambia twendeni harusini, wanauliza kwanza gari litarudi na nini. Kahongya mwenyewe angetia hata maharagwe. Lakini udongo hauulizi sababu.

"Basi mutangoja jua," alisema.

Lusenge alidhani ni mzaha, akacheka. Akaona uso wa Kahongya, akaacha.

"Kungoja? Sisi? Papa, tukingoja mpaka saa za mchana, mahari itamalizika lini? Unajua ile njia ya Beni. Jua ikishuka, hakuna mutu anabakia njiani. Kesho asubuhi padiri anatungoja kule Beni. Kama hatupande sasa, tutarudia bila bibi arusi!"

Hilo lilimwingia Kahongya. Lilikuwa kweli. Hakuna aliyetaka kuwa kwenye njia ile giza likiingia, kwa hofu ya wenye silaha. Na ukoo unaorudishwa mlangoni na mbuzi zake mara nyingi haurudi tena.

Nyuma yake, Zorobabel alikuwa ameinuka. Mashofere wote walikuwa wameinuka, chai mkononi.

"Eeeh!" Zorobabel aliita. "Leo ndiyo leo! Tuone kama bariere inajua ndugu! Muzee, ukibafungulia hawa, mi napita nyuma yabo, na hawa benzangu bote nyuma yangu. Sitaki kusikia neno!"

"Na tutacheza kwenye harusi!" mwingine akaongeza.

Kahongya alitazama mlima. Changarawe ilikuwa inang'aa kwa maji, mgongo wa njia umeinuliwa vizuri, mifereji inatiririka pembeni kama ilivyochimbwa. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa laini kama mkate. Fuso moja ile, na mstari wote nyuma yake, halafu kazi ya wamama na mabeseni yao ingekuwa tope kabla ya mahari kuliwa.

Chef Ésaïe aliwasili wakati huo, na mwavuli, na shati la sherehe, maana alikuwa amealikwa na alikuwa na njaa.

"Kuna nini hapa? Bakwe banasimamishwa? Kahongya, una wazimu? Fungua."

"Njia iko na maji, chef."

"Ni harusi ya mutoto yako! Hii ni exception." Akageuka kwa Lusenge, akatabasamu. "Musikasirike, ndugu zangu. Niko responsable ya hapa. Nitafungua mwenyewe."

Akafunga mwavuli, akashika fundo la kamba. Mkono wa Kahongya ulishuka juu ya fundo, mkavu, mzito, wenye kovu la jembe.

"Chef," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa, "siku ile ulifungua hivi hivi. Na mukono huu huu. Ulisema ni rafiki, ni exception. Mi nilibeba mguu wa kuume wa kile kiti. Leo, kama unataka kufungua, utakata mukono yangu kwanza, na batu bote hawa bataona."

Ésaïe alitoa mkono wake kwenye kamba polepole, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto asitake kuonekana ameungua.

"Mi nilikuwa nasaidia tu," alisema.

"Papa mukwe," Kahongya akamgeukia Lusenge. "Munanikasirikia, na muko na haki. Mais tangu miaka nasema bakubwa banaua njia kwa kufungulia babo. Nikifungulia bangu, mi niko tofauti yao wapi? Mama ya Tamar alifia hapa. Siwezi."

Lusenge akageuka kutazama Fuso yake. Alikuwa mtu mwenye fahari, na alikuwa ameota kuingia uani kwa mkwe wake juu ya Fuso, honi inalia. Adèle alikuwa amekwisha teremka, kitenge kimefungwa kifuani, amesikia yote. Alitazama nyuso, akapandisha mlima mbio bila kusema na mtu. Kahongya alifikiri amekwenda kulia.

Adèle aliporudi alikuwa anacheka, mikono kiunoni, pumzi zimekatika.

"Nimetoka kwa bibi arusi! Hawezi kutoka, bamemufungia ndani kama desturi, mais ametuma neno. Tamar anauliza: zile mbuzi, banazikata miguu Beni?"

Watu wakatazamana.

"Anasema mbuzi ziko na miguu. Na bakwe bako na miguu. Yeye haolewe na Fuso!"

Kicheko kilianzia kwa mama mmoja mzee wa Mulekera, juu ya magunia, akapiga mapaja yake, kikaruka kwa wengine, kikawafikia mashofere, kikapasuka. Ariel aliruka kutoka kabini. Akavua viatu vyake vipya, akavifunga kwa kamba shingoni, akakunja suruali.

"Baba mudogo," alisema, "nipe ile ya kwanza." Akambeba beberu mabegani, kwato zikamchafulia koti, akainama chini ya bambu akaanza kupanda.

Basi ikawa hivyo. Mbuzi zikashuka kwenye Fuso moja moja, zikapanda Sukuma kwa miguu yao, zikila majani ya mifereji ya Kahongya. Wamama walibeba makasha ya vinywaji kichwani, wakaimba tena, safari hii kwa nguvu zaidi kwa sababu walikuwa wanatembea. Mama mzee akapanda pikipiki ya motari, akapeperusha kitambaa kama malkia. Mtu mmoja akamtwisha chef Ésaïe bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi, na kwa kuwa wote walikuwa wanamwona, akaibeba.

Lusenge alibaki wa mwisho. Alitazama viatu vyake vinavyong'aa, akatazama mlima. Kisha akacheka puani.

"Papa mukwe, mutoto yako iko na mudomo."

"Wa mama yake," Kahongya alisema.

Wakapanda pamoja, mmoja akimshika mwenzake mahali penye utelezi. Lakini Kahongya alisimama kidogo, akageuka.

"Nani anabakia kwenye bambu?"

"Nenda," Zorobabel alisema. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la bariere, tumbo limefunika fundo lote. "Kama mbuzi za mahari zinapanda kwa miguu, mbao yangu nayo itangoja. Hapa hapiti mutu. Mais unaniachia nyama!"

*

Mahari ilipokelewa kwa kelele kuliko mahari yoyote ya mtaa ule. Wageni walifika na matope mpaka magotini, na badala ya kuwadharau, wamama wa Kimemi waliwaosha miguu kwa maji ya moto, wakiwatania, na kufikia wakati wa kula hakukuwa na aliyekumbuka kuwa ni mgeni. Mbuzi zilihesabiwa, zikabishaniwa kama inavyofaa, zikakubaliwa. Tamar akatolewa ndani, amevaa nyeupe kuanzia kichwa mpaka viatu.

Na jua likatoka. Lilitoka lote, bila aibu, na mlima ukaanza kufuka mvuke. Kahongya alishuka, akakanyaga kwa kisigino hapa, akakanyaga pale. Udongo ukamrudishia mguu. Akangoja kidogo tena, kwa ukaidi tu, mpaka Zorobabel akamwambia, "Muzee, hata mutoto ya punda angepita sasa." Kisha akafungua fundo, akanyanyua bambu mpaka ncha ikaelekea mbinguni.

Fuso ilisogea pembeni kungoja zamu yake, na kamio la mbao likapanda kwanza, likilia kwa gia ndogo. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, kimya, kama walio kanisani. Likafika katikati, pale pale. Halikusimama. Likapita. La pili likapita. Ya tatu ilikuwa Fuso ya buluu na kakao yake yote, resori zimelala, na dereva wake akafika uani kwa Kahongya honi ikilia, kama Lusenge alivyoota. Mtaa mzima ukalipuka. Wanaume wakarusha kofia. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mawe msimu mzima alikimbia barabarani, akalala chali juu ya changarawe, akapiga njia kwa viganja kama ngoma.

Kahongya akainama kutazama nyayo za magurudumu. Zilikuwa nyepesi, kama alama za fagio.

Magunia yaliteremshwa uani, jirani akaachiwa ayapeleke sokoni, na jua likiwa bado juu, Fuso ikashuka tena. Tamar alikuwa kabini, ameketi, dirisha wazi. Alipofika pale katikati ya mlima alimwambia dereva asimame. Hakushuka. Alitoa tu mkono nje, akagusa hewa ya mahali pale, akamtazama baba yake kule chini kwenye bambu.

"Papa!" akaita. "Hakuna mutu amenisukuma!"

Kahongya alitaka kujibu. Aliinua mkono wake juu, juu kabisa, na akasikia mwenyewe akipiga kelele, yeye ambaye hakupiga kelele hata kwenye mazishi, kelele ya mtu aliyeshinda mechi. Fuso ikapita chini ya bambu, ikaingia kwenye lami, ikachukua njia ya Beni na jua mgongoni.

Wingu jingine lilikuwa limekwisha kuja nyuma ya vilima. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yakitoboa udongo. Kahongya akashusha bambu, akafunga.

Haikupita muda, kamio jeupe jipya likafika, limejaa saruji, na shofere akatoa kichwa nje bila salamu.

"Fungueni! Hii ni mali ya honorable!"

Kahongya hakusogea. Watu wote walikuwa wanamtazama chef Ésaïe, ambaye alikuwa amesimama pale na mwavuli wake, mashavu bado yana mafuta ya nyama ya mahari. Chef alitazama kamio. Alitazama mlima. Alitazama wamama, na mabeseni yao yaliyoinamishwa ukutani. Akafungua mwavuli, akausogeza mpaka ukafunika na kichwa cha Kahongya.

"Zima moteri, kijana," alisema. "Hapa hata bakwe ya huyu muzee bamengoja."